Goblini Wale Wale

"Mbona nikipanda levo na maadui nao wanapanda?" binti yangu aliniuliza juzi, karatasi ya mhusika wake iko mbele yake. "Sasa hapo nimepanda wapi?"

Akili yangu ikakimbilia kwenye lile daraja.

Tulikuwa tunacheza mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, Dungeons & Dragons, toleo la tano, lile la 2014. Tukiwa levo ya kwanza, yaani ngazi ya chini kabisa ya uwezo, goblini, vizimwi vidogo, wakatufumania katikati ya daraja la mbao. Askari wangu alikuwa ameshajeruhiwa. Nikashambulia, pigo likampata mmoja wao. Dadu ya madhara, ile ya pande nane, ikaangukia 1. Nikaongeza 3 za nguvu na 2 za mtindo wake wa upanga: jumla 6. Goblini ana pointi 7 za uhai. Kwa ile pointi moja iliyobaki akanichoma, nikaanguka, wenzangu wakaniburuta hadi ng'ambo.

Miezi ikapita. Mapango, usaliti. Tukafikisha pointi 6,500 za uzoefu, yaani levo ya tano, mchawi wetu akajifunza kurusha mpira wa moto, na msimamizi wa mchezo, yule anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, akaturudisha darajani. Goblini walikuwa wale wale: idadi ile ile, uhai 7, kinga 15, yaani namba ya kufikia ili pigo liwapate. Hakuwaongezea chochote.

Nikashambulia, nikapata. Dadu ya pande nane ikabiringika, ikagonga kizuizi cha msimamizi, ikatulia: 1. Meza nzima ikaguna. Nikaanza kujumlisha kwa sauti: 1, na 4 za nguvu, maana levo ya nne nilimwongezea nguvu, na 2 za upanga. Saba! Msimamizi akamlaza yule goblini wa plastiki kwa ncha ya kidole. Na bado nilikuwa na pigo la pili.

Tofauti ilikuwa pointi moja tu. Nimecheza na wahusika waliofika mbali zaidi, lakini sijawahi kuhisi ukuaji kama siku ile. Toleo la nne, la 2008, lilikuongezea nusu ya levo yako kwenye mashambulizi na kinga, huku maadui wa levo yako wakipanda sambamba nawe. Namba zilikuwa kubwa, ila bahati ya kupata pigo haikusogea sana. Binti yangu ameligundua hilo peke yake.

Hata hivyo, mwenzetu mmoja aliondoka mezani amenuna. Kwake yeye, pambano ambalo huwezi kufa ni muda uliopotea, na dadu zinakuwa kelele tu. Tumebishana mara nyingi na sijapata jibu la kumnyamazisha, kwa sababu nami hupenda kuogopa ninapocheza. Ninachoweza kusema ni kwamba msimamizi alilimaliza pambano lile kwa raundi mbili. Lingefika raundi ya sita, ningekuwa upande wa yule mwenzetu.