Sinia moja, watu watano: namna ya kula injera

Kwenye meza ya Kiethiopia, kuagiza kila mtu sahani yake ni kujipunja. Watu wanne au watano hula kwenye sinia moja, na injera, ule mkate wao mpana na laini, ndiyo sahani, ndiyo kijiko, ndiyo chakula chenyewe.

Itazame kabla ya kuigusa. Injera ya kweli ni ya unga wa teff, nafaka ndogo hata kuliko ulezi, uliochachushwa siku mbili hadi tatu kwa ersho, yale maji ya njano yanayobaki kwenye rojo la awali. Kabla ya kuoka, mpishi huchota rojo kidogo, hulipika kama uji, kisha hulirudisha. Uji huo huitwa absit, na akiuruka macho hayafunguki vizuri. Macho ni vile vitundu vya juu. Injera huokwa upande mmoja tu, chini ya mfuniko, haigeuzwi. Huandaliwa macho yakiwa juu ili yanywe mchuzi.

Kwa watu watano tandikeni injera moja kwenye sinia, na kila mtu awe na moja au mbili za pembeni, zilizokunjwa. Juu yake doro wat, mchuzi wa kuku, katikati, halafu misir wat ya dengu nyekundu, kik alicha, mchuzi wa manjano wa njegere zilizopasuliwa, usio na pilipili, gomen ambayo mla sukuma wiki ataitambua mara moja, na ayib, jibini laini ya kupoza ulimi. Jumatano na Ijumaa Waorthodoksi hufunga nyama, maziwa na mayai. Siku hizo agizeni beyaynetu ya mfungo, sinia la mboga na michuzi mbalimbali, inayopikwa kwa mafuta badala ya siagi.

Doro wat humwumbua mpishi mwenye haraka. Kuku mmoja hutaka kilo moja na nusu hivi ya vitunguu, vikatwe vidogo kabisa, vikaushwe kwenye sufuria bila mafuta, moto mdogo, karibu saa nzima. Ndipo inaingia siagi ya viungo, berbere (unga wa pilipili na viungo), kuku, na mwisho mayai ya kuchemsha. Vitunguu vikiharakishwa havivunjiki, mchuzi unabaki majimaji, na injera ya chini inachanika kabla hamjafika nusu.

Mkishanawa, tumieni mkono wa kulia. Hapa hakuna kufinyanga tonge wala kuchovya: chana kipande cha upana wa vidole vitatu, funika chakula, bana, inua. Vidole havitakiwi kulowa, na kuvilamba ni aibu. Kula upande wako. Mwenyeji akikunja tonge kubwa na kulileta kinywani mwako, hiyo ni gursha. Panua kinywa ulipokee lote, usiling'ate nusu. Injera ya chini, iliyokwisha kunywa michuzi yote, huliwa mwisho. Tungeweza kuruka vingine vyote, si hiyo.

Baadaye huja buna, yaani kahawa, jina lililo jirani kabisa na buni yetu. Kahawa hukaangwa mbele yenu, moshi wake hupitishwa mnuse, kisha huchemshwa kwenye jebena, birika la udongo, na kumiminwa mara tatu: abol, tona, baraka. Bisi huliwa pembeni. Yote huchukua saa moja au zaidi, kwa hiyo mwenye safari aseme kabla buni hazijaingia kikaangoni.