Mstari wa Njia ya Ng'ombe

Januari 2011 nilikuwa kijijini kwetu, mkoani Singida, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mkutano mkuu wa kijiji uliitishwa asubuhi, na kila mtu alitaka uishe upesi awahi palizi. Ndiyo maana ajenda ya kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita nusura ipite hivi hivi.

Mtendaji alisoma kutoka kwenye kaunta buku. Akidi ilitimia, kikao kilifunguliwa saa nne, na kadhalika. Kisha: "Mkutano uliridhia ombi la mwekezaji la ekari 80 kwa ajili ya kilimo cha alizeti." Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Mikono ya kuthibitisha ilishaanza kunyooka pale bibi mmoja, jirani yetu, alipoinuka.

"Mwenyekiti, njia ya ng'ombe tuliijadili karibu asubuhi nzima. Humo mbona haimo?"

Mtendaji alimjibu kwa heshima kwamba muhtasari hauandiki kila neno, unachukua maamuzi tu. Ni kweli, na shuleni tulifundishwa hivyo hivyo kwenye samari: ondoa mifano, ondoa marudio, baki na hoja. Lakini bibi hakudai maneno ya kila msemaji yaandikwe. Uamuzi wenyewe ulikuwa na masharti, na bila masharti hayo wafugaji wasingekubali: njia ya kwenda lambo iachwe wazi, na kisima kichimbwe kwanza.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Na idhini hiyo inaonekana wapi? Kwenye muhtasari. Ofisa anayeushika huko wilayani hakuwepo chini ya mkwaju wetu. Angesoma "uliridhia", basi, ng'ombe wangekuta senyenge. Jambo hili linaniuma hadi leo kila ninaposikia watu wakisema kuandika muhtasari ni kazi ya karani yeyote.

Mwenyekiti aliamua mstari uandikwe upya pale pale. Bibi akanigeukia: "Mjukuu wangu, una mwandiko mzuri, njoo umsaidie Mtendaji." Niliandika walivyonitajia: uliridhia kwa masharti kwamba njia ya mifugo kwenda lambo ibaki wazi, na kisima kichimbwe.

"Soma."

Nikasoma.

"Kichimbwe lini?"

Watu wakaguna, jua lilikuwa linapanda. Yeye hakukaa. Alieleza taratibu kwamba shamba likishalimwa hakuna atakayekumbuka kisima, kwa hiyo "kabla" lazima iwemo. Mzee mmoja wa kifugaji akamuunga mkono, akaongeza upana wa njia: hatua 30, kama walivyokubaliana. Nikakata, nikaandika tena: "Mkutano uliridhia ombi la ekari 80, kwa masharti kwamba njia ya mifugo kwenda lambo yenye upana wa hatua 30 ibaki wazi, na kisima kichimbwe kabla ya shamba kuanza kulimwa." Sentensi moja tu, na mabishano ya asubuhi nzima yamo.

Mwenyekiti na Mtendaji wakatia saini pembeni pa marekebisho. Bibi akaomba isomwe mara ya mwisho, akasikiliza, akaketi.

"Sawa, Mwenyekiti. Twende kwenye yatokanayo."