Pikapu tatu kutoka Marekani

Kosa lilianzia kwenye simu. Ilikuwa mwezi wa pili 2015, mdogo wangu alikuwa amekuja Dar wiki moja kufuatilia mambo yake ya chuo, kalala kwangu Kimara, na jioni moja akanisikia naongea na kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Minnesota. Nilisema maneno haya haya: "pikapu zikifika hapo kwako nistue, na jeki usisahau, nati nitachongesha huku huku, springi zipo hazina shida." Dogo hakuuliza kitu. Karudi Morogoro, kafika tu kamwambia mama kaka ananunua pikapu, afu sio moja, tatu.

Sa ngoja nieleze kwa wale wasioshika gitaa. Pikapu ni vile vidude vitatu vinavyokaa chini ya nyuzi, ndani kuna sumaku imezungushiwa waya mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko, uzi ukitikisika juu yake umeme mdogo sana unazaliwa kwenye ule waya na ndo huo unaenda kwenye amplifaya. Jeki ni pale unapochomeka waya. Nati ni kale kapande keupe mwisho wa shingo, nyuzi zinapopita kwenda kichwani. Springi ziko nyuma, zinavutana na nyuzi. Yaani ukituliza akili gitaa la umeme lina lugha ya gereji mwanzo mwisho, dogo simlaumu.

Gitaa lenyewe nilinunua Kariakoo 2012 kwa laki mbili na nusu, pamoja na begi la kitambaa na waya mmoja uliokufa wiki hiyo hiyo. Kopi ya Stratocaster, ile shepu ya kampuni ya Fender ya mwaka 1954 yenye pembe mbili ambayo kila kiwanda kimeshaiiga. Jina lililoandikwa kichwani sijawahi kulikuta popote tena mpaka leo. Ila shingo ilikuwa imenyooka na mbao ilikuwa na uzito wa maana, mi hivyo viwili ndo naangalia, mengine yote yanabadilishika.

Na yalihitaji kubadilishwa kwa kweli. Kwenye kwaya mi ndo nilikuwa napiga solo, na kila nikifungua voliumu inatangulia "mmmmmm" kabla sijagusa uzi, mpiga besi alikuwa anageuka ananiuliza nani kawasha jenereta. Afu tyuni haikai. Nikivuta uzi wa tatu kidogo tu, basi, wimbo mzima unaobaki napiga nikiwa nimekunja uso, na ukienda kuukaza unasikia kitu kinalia "tik" pale juu kwenye nati na uzi unaruka kupita pale ulipopataka. Kati ya wimbo na wimbo nilikuwa nainama kutyuni wakati mchungaji anajaza muda na haleluya.

Mi kichwani nilikuwa nimeshaamua mchawi ni pikapu. Kila nilichosoma kilisema gitaa la bei rahisi badilisha pikapu kwanza. Nikadunduliza miezi minne, nikatuma hela, kaka akaagiza seti ya kampuni ya Seymour Duncan, aina ya SSL-1, singo koili tatu, yaani kila pikapu ina koili moja tu ya waya, na kwa huruma yake akaongeza jeki ya Switchcraft na seti nzima ya vikazio vya nyuzi ambavyo sikumwomba.

Sa kabla hazijafika ndo mama akapiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nasikia Mungu amekuona."

Mtandao ulikuwa unakatakata, nikajua dogo kamsimulia mambo ya gitaa, nikafurahi, maana mama hajawahi kuuliza habari za gitaa hata siku moja. Akauliza ni za rangi gani, nikamwambia nyeupe, zote tatu. Mpya au mtumba? Mpya mama, bado ziko kwenye boksi. Akanyamaza kidogo, akasema haya baba, Mungu azidi kukubariki, na ujue mjomba wako amefurahi sana.

Mjomba kufurahi gitaa? Nikashangaa ila nikaacha. Kesho yake ikaingia meseji ya mjomba mwenyewe: "Hongera mjomba. Ni singo au dabo?"

Jamani. Nilikaa na ile simu mkononi nikiwaza huyu mzee wa Mgeta anayelima nyanya na kabichi kajulia wapi habari za singo koili na dabo koili. Nikamjibu kwa heshima zote, "singo zote mjomba, ndo zinafaa kwa muziki wetu." Akajibu: "Sawa ila dabo kebini ingefaa zaidi kwa familia. Nyanya zinaniozea huku, ikifika nitaanza na safari moja ya majaribio."

Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha nikaacha kucheka maana ilibidi nimpigie nimwambie hakuna gari. Nilimweleza polepole, sumaku, waya, nyuzi, akasikiliza yote, mwisho akasema, "Sawa mjomba, kama hutaki kusema hujalazimishwa." Ukooni nikawa ndo nimeshajulikana, mtu ana pikapu tatu na anaficha.

Zikafika wiki ya mwisho ya mwezi wa tatu. Pasaka mwaka ule ilikuwa tarehe 5 Aprili, kwa hiyo Jumamosi tarehe 4 asubuhi nikabeba gitaa mgongoni nikaenda Magomeni kwa mzee mmoja fundi redio, zamani alikuwa anapiga rizimu kwenye bendi za dansi, sasa hivi anakaa kibarazani kazungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo. Nikamwamkia, nikamwekea boksi mezani kwa madaha. Hakulifungua. Kachukua gitaa, kavuta ule uzi wa tatu, kasikia "tik", kaniangalia.

"Hizi umenunua shilingi ngapi?"

Nikamtajia. Akatikisa kichwa, akaingia ndani, akatoka na mfupa.

Mfupa wa mguu wa ng'ombe, wa bucha kabisa, alishauchemsha na sabuni ya unga mpaka mafuta yakatoka yote na ukakaa juu ya bati wiki kadhaa ukawa mweupe kama chaki. Akaukata kipande kwa msumeno wa chuma, akang'oa ile nati ya plastiki kwa kuigonga pembeni na kijiti, ikatoka, ndani ina uwazi kama kizibo cha soda. "Ona," akasema, "hii ndo inashika nyuzi zako." Halafu akaanza kupiga tupa. Vumbi la mfupa lina harufu moja ya ajabu, kama nywele zinaungua kwa mbali, na lilikuwa linamdondokea kwenye suruali yeye wala hana habari. Alipimisha urefu na ile ya zamani, milimita 42, akachora mistari sita kwa penseli, akachonga vijia vya nyuzi kwa vitupa vyembamba, na vile vya nyuzi nyembamba akachukua kipande cha uzi chakavu akawa anasugua nacho kwenda na kurudi. Kila baada ya muda anaweka uzi, anaukaza, anasikiliza, anautoa. Kijia kinalala kidogo kuelekea kichwani, alinionyesha, ili uzi uguse mbele tu. Mwisho akakwangua penseli, unga wake mweusi akaupaka ndani ili uzi uteleze. Kazi hiyo ilikula karibu saa mbili na nikamlipa hela ya chakula cha mchana, alikataa zaidi.

Vile vikazio kutoka Marekani alivikataa kabisa. Akachukua bisibisi akakaza skrubu za vile vya zamani, "hivi havina kosa kijana." Mpaka leo viko kwenye droo.

Pikapu ndo tulizifanya jioni. Za zamani alizigeuza akanionyesha, sumaku moja nyeusi ya seramiki imebandikwa chini kama tofali, na vile vijiti sita juu ni chuma cha kawaida. Zile mpya kila kijiti chenyewe ni sumaku, aluminiamu na nikeli na kobalti, ncha ya bisibisi ikipita karibu inavutwa pu. Akazipima na mita, zikasoma kilo omu sita na nusu hivi, akaguna kwa kuridhika. Kabla ya kuzifunga nikamwambia mi nataka tupake foili ndani ya tundu lote kuzuia kelele, akasema fanya wewe, mi nakunywa chai. Nikapaka, foili ya kufungia chakula, nikajipongeza. Yeye akachomelea waya, risasi inayeyuka inang'aa sekunde moja kisha inafifia, nyeupe kwenye swichi ya kuchagua pikapu, nyeusi zote nyuma ya voliumu. Tukafunga, tukachomeka.

Kimya. Hata ile "mmmm" haipo. Mzee akawa anagonga pikapu na bisibisi, kwa kawaida usikie tok tok kwenye spika, hamna. Jasho likanitoka, nikaona miezi minne yangu imeungua. Akafungua tena, hakugusa pikapu, akaenda moja kwa moja kwenye jeki: lile jino linaloshika ncha ya waya lilikuwa limeegemea foili yangu, sauti yote inaishia ardhini. Akabandika kipande cha selotepu. Tok, tok, tok. "Chai imepoa," akasema, basi.

Sauti niseme ukweli, ilibadilika. Za zamani ukipiga kodi ilikuwa kama mtu kamwaga vijiko, sasa nyuzi zikawa zimetengana, unasikia kila moja na la kwake, na pale shingo inapokutana na mwili ambapo solo zetu zinakaa sauti ilikuwa inalia tamu bila kuchoma sikio. Lakini "mmmm" haikuisha bwana! Nikamlalamikia mzee. Akaniambia singo koili ni antena, foili inapunguza makelele ya taa na dima, huu mngurumo wa umeme wenyewe wa hezi 50 unapita tu. Akasogeza swichi hatua moja. Ukakata kama mtu kazima feni. Pikapu ya katikati kwenye ile seti imesukwa kinyume na sumaku yake imegeuzwa, kwa hiyo ukiichanganya na jirani yake mngurumo wa huku unaua wa kule na muziki unabaki. Katika hatua tano za swichi ninazo mbili za amani, nikapiga ibada nzima ya Pasaka kwenye hizo.

Mama alikuja na dogo kusali nasi siku ile, alilala kwa dada Mbezi. Baada ya ibada nikamuuliza vipi mama, gitaa umelisikiaje leo, nikisubiri aniambie kuhusu sauti.

"Zuri. Leo hukuinamainama."

Ndo hicho tu alichoona. Mfupa wa bucha.

Tulipofika nyumbani nikamletea kopo nililowekea zile pikapu za zamani, maana mpya ziko ndani ya gitaa, nikamwambia mama pikapu ndo hizi, nyingine kama hizi ndo zilitoka Marekani. Akachukua moja akaiweka kiganjani, akaigeuza, akavuta kawaya kake, akaipima uzito kwa kuirusharusha kidogo. Akamwangalia dogo, ambaye alikuwa anaangalia dirishani. Kisha akanirudishia.

"Na mjomba wako ameshanunua matenga."