Kijizizi Kimoja cha Silia

Kazi yangu huku ughaibuni ni kuandaa vielelezo vya hadubini ya elektroni, na katika vyote vinavyopita mikononi mwangu, hakuna ninavyovipenda kuliko vya mirasidia, lava wa mnyoo wa kichocho anayeanguliwa majini. Lava huyu hali chochote; huishi kwa akiba aliyotoka nayo kwenye yai, na katika saa chache alizo nazo hana budi kuogelea kwa silia zake, vijinywele vinavyopigapiga maji, hadi ampate konokono anayemfaa.

Huhifadhiwa kwa kemikali za glutaraldehaidi na osmiamu, huzamishwa katika resini, kisha hukatwa kwa kisu cha almasi vipande vyenye unene wa takriban nanomita 70. Silia iliyokatwa kwa upana huonekana kama duara, na ndani yake jozi 9 za mikrotubuli, yaani vijibomba vyembamba vya protini, zimezizunguka mikrotubuli 2 za katikati. Kwenye kila jozi vimechomoza vikono vya dainini, protini inayotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuzitelezesha jozi, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, mtelezo huo huipinda silia nzima. Mpangilio huu si wa minyoo peke yao. Silia za njia yetu ya hewa zimejengwa vivyo hivyo.

Utajiri wenyewe, kwa maoni yangu, uko chini, ndani ya seli, ambako silia hushikiliwa na kijizizi, uzi wa protini wenye milia myeusi na myeupe. Minyoo bapa wengi wanaoishi huru wana vijizizi viwili kwa kila silia ya ngozi, lakini lava wa jamaa zao vimelea, akiwamo mnyoo wa kichocho, wana kimoja tu, kinachoelekea mbele. Tofauti hiyo ndogo ni miongoni mwa hoja ambazo mwanazuolojia Ulrich Ehlers wa Ujerumani alizitumia katika miaka ya 1980 kuwaweka vimelea hao katika kundi moja, Neodermata, na uchunguzi wa DNA ukaja kuliunga mkono.

Lava akishamwingia konokono, seli zenye silia, zilizopangwa mwilini kama vigae, hubanduka, na tishu nyembamba iliyokuwa kati yake hutanuka ikawa ngozi mpya. Ushahidi wa ukoo basi umo katika vazi linalotupwa baada ya saa chache, na hunibidi kulikata kwa subira, kwa sababu kijizizi huonekana vizuri pale tu kisu kinapopita kwa urefu wa silia.