Miezi mitatu hapa, miezi mitatu kule

Kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, ya mikataba mifupi. Mtu akienda likizo ya uzazi, au nafasi ikikaa wazi muda mrefu, hospitali inatafuta wa kuziba pengo na mimi naitwa. Mara nyingi ni miezi mitatu. Mkataba ukiisha nafungasha, naelekea kwingine. Saa ambazo siko kazini nakimbia au nanyanyua vyuma, na wengi huniuliza mazoezi hayo nayapatia wapi nafasi kwa maisha haya ya kuhamahama. Jibu langu ni kwamba ndiyo yanayonisaidia kuifanya kazi. Mengi ninayomwambia mgonjwa kuhusu uzito, maumivu na subira nimeyapitia mwilini mwangu kwanza.

Nianze na subira, maana ndiyo inayonisumbua zaidi kwenye mikataba hii.

Chukua kano ya kisigino, ile nene unayoweza kuibana kwa vidole viwili nyuma ya kifundo cha mguu. Wakimbiaji wanaijua vizuri: asubuhi unatoka kitandani, hatua za kwanza zinauma na mguu umekaza. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa Sweden, Håkan Alfredson, na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wa kawaida waliokuwa na tatizo hilo kwa muda mrefu. Walisimama ukingoni mwa ngazi wakashusha kisigino polepole, marudio 15 kwa seti tatu, yaani mafungu matatu yenye mapumziko katikati, goti likiwa limenyooka, kisha seti nyingine tatu goti likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, kila siku ya wiki. Mguu ukizoea, wanaongeza uzito kwenye mkoba wa mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia. Leo wengi wetu tunapenda uzito mkubwa zaidi, polepole, mara tatu kwa wiki, na matokeo ni mazuri vilevile. Kilichobaki palepale ni muda: wiki 12. Kano hujijenga taratibu, na hakuna mashine wala mafuta ya kuchua yatakayoifupishia safari hiyo.

Sasa piga hesabu. Mgonjwa akinifikia wiki ya nne ya mkataba wangu, nitaondoka kabla kano yake haijamaliza kazi. Atakayemwona amepona ni mwenzangu nisiyemjua. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza namfundisha mgonjwa kujiendesha mwenyewe. Nampa kanuni ninayoitumia nami ninapokimbia: maumivu wakati wa zoezi yasipite 5 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yametulia. Yakitulia, ongeza kidogo. Yasipotulia, rudi hatua moja, usiache kabisa. Namwomba aandike kwenye daftari lake mwenyewe, tarehe, uzito, marudio, asubuhi iliyofuata ilikuwaje. Faili linabaki hospitali lakini daftari linakwenda naye nyumbani.

Kunyanyua vyuma kunanisaidia hasa wodini. Watu hudhani fizio wa hospitali anashinda akikanda migongo, wakati sehemu kubwa ya siku yangu ni kuwasimamisha watu. Mama aliyevunjika nyonga na kufanyiwa upasuaji jana, leo tunataka akae kwenye kiti. Kwanza nafunga breki za kiti na kukiweka upande wa mguu wake mzima. Napandisha kitanda hadi nyonga zake ziwe juu kidogo ya magoti. Namvalisha mkanda kiunoni, nauhakikisha umebana. Anasogea ukingoni, anavuta miguu nyuma, kichwa kinakuja mbele hadi pua inapita vidole vya miguu. Hapo ndipo wengi huogopa, wanataka kujitupa nyuma au kuning'inia shingoni kwangu. Shingo simpi mtu. "Mama, sukuma kitanda kwa mikono yako, mimi niko hapa." Miguu yangu imepanuka, mgongo umenyooka, nyonga zimerudi nyuma, nimeushika mkanda karibu na mwili wangu. Ni umbo lilelile la kunyanyua chuma kutoka sakafuni, ila huyu ni mtu, ana hofu, na anaweza kuamua katikati kwamba hataki tena. Anayenyanyua vyuma hujua kusubiri kabla ya kuvuta. Unakaza tumbo, unahesabu, unavuta pumzi, mnainuka pamoja. Akisimama namwacha asimame kweli, sekunde chache, ahisi miguu yake inabeba.

Wazee huniuliza swali moja kila ninapokwenda: "Mwanangu, nguvu katika umri huu za nini?" Za kwenda msalani bila kumwita mtu, ndilo jibu langu. Na mwili wa mzee haujafunga mlango. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti wa wazee dhaifu wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Waliwafanyisha mazoezi mazito ya mapaja kwa wiki nane, na nguvu ya waliomaliza ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kuna waliokuja na mkongojo na kumaliza bila mkongojo. Mimi hukasirika ninapoona mzee amepewa mpira mwepesi unaovutika kwa kidole, akaambiwa hayo ni mazoezi.

Hapo nina neno kuhusu seti tatu za marudio kumi. Utalikuta limeandikwa kila faili, kila hospitali, 3 x 10, bila uzito. Chanzo chake kikubwa ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyewatibu askari wa Vita Kuu ya Pili na kuchapisha kazi yake mwaka 1945. Mwenyewe alikuwa mnyanyua vyuma. Kumi ya DeLorme ilikuwa na maana: uzito ambao unaweza kuunyanyua mara kumi na ya kumi na moja huiwezi. Baadaye yeye na Arthur Watkins walipanga seti ya kwanza kwa nusu ya uzito huo, ya pili robo tatu, ya tatu uzito wote. Tumerithi namba, uzito tumeuacha njiani. Mtu akifanya marudio kumi huku akipiga soga na mwenzake wa kitanda cha pili, hajafanya alichokusudia DeLorme.

Kukimbia kunanisaidia kwa namna nyingine. Nikifika mji mgeni, asubuhi ya kwanza natoka kukimbia polepole, mwendo wa kuweza kuongea. Naangalia njia za watembea kwa miguu zilivyovunjika, ngazi za vituo vya basi zina mkono wa kushika au hazina, mlima uko wapi. Nikisikia mgonjwa anakaa upande ule wa barabara kuu, nimeshaivuka mwenyewe. Katika nchi kadhaa taa za kuvukia barabara zilipangwa kwa miaka mingi kwa kuchukulia kwamba mtu anatembea mita 1.2 kwa sekunde. Mgonjwa wangu anayetoka kwenye kiharusi akitembea nusu ya hapo, taa inabadilika akiwa katikati. Basi lengo letu halitakuwa "kuboresha mwendo", maneno ambayo hayampi mtu cha kushika. Litakuwa barabara ile, taa ile. Tunapima mita 10 kwenye korido kwa saa ya mkononi, na yeye anajua anafukuza nini.

Kilomita zangu nazipunguza wiki ya kwanza ya kila mkataba, hata nikijisikia mwepesi. Sakafu mpya ni ngumu, nasimama kutwa nzima, nasukuma vitanda, silali vizuri kwenye chumba nisichokizoea. Mwili haupangi madaftari mawili, moja la kazi na moja la mazoezi, vyote vinaingia sehemu moja. Wauguzi wanaokuja kwangu na goti linalouma huwa wameanza kukimbia mwezi uleule walioanza zamu za usiku. Goti nalipima, lakini kabla ya hapo nauliza ratiba ya zamu.

Vyuma ni vigumu zaidi kuvipangia. Kuna mahali jimu iko jirani na ina kila kitu, kuna mahali hakuna hata dambeli. Huko natumia mkoba uliojaa vitabu na mguu mmoja. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja kwenye kiti kifupi, kushuka kwa sekunde nne, kunatosha kumnyenyekeza yeyote. Kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja ukingoni mwa ngazi ndilo zoezi nisiloliruka popote, kwa sababu shavu la mguu ndilo linalobeba mkimbiaji, na wakimbiaji wengi wanaokuja kwangu hawafikishi marudio 20 safi.

Wiki ya mwisho ya mkataba naitumia kuandika. Nimewahi kupokea wagonjwa kwenye kliniki ambayo faili zao zilisema tu "anaendelea vizuri", na ilinibidi nianze upya na watu waliokuwa wamechoka kujieleza. Kwa hiyo naandika uzito wa mwisho na marudio, asubuhi iliyofuata ilikuwaje, mguu upi anaukwepa asipoangaliwa, na anaogopa nini. Hilo la mwisho halina kisanduku kwenye fomu, nalichomeka popote penye nafasi. Bwana mmoja anaogopa ngazi za kushuka na wala si za kupanda. Mama mwingine hukubali kila zoezi lakini nyumbani halifanyi mpaka mjukuu wake awepo, basi mjukuu aitwe.

Mkataba unaofuata ni wodi ya kiharusi. Nimeshauliza kama korido yao ina mita 10 zilizonyooka. Wamesema ipo, ila mwisho wake wameweka makabati ya shuka. Nimewaomba wayasogeze kabla sijafika.