Nilivyowafundisha wanafunzi gofu kwenye mchanga wa maji kupwa

Wanafunzi wangu 11 wa skuli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja sasa wanaupiga mpira wa gofu ukaruka inavyotakiwa. Nalisema hilo kwa furaha, kwa sababu ushauri wa kwanza niliopewa nusura uwafukuze wote. Mgeni mmoja aliyecheza gofu kwa miaka mingi aliniambia kwamba mwanafunzi hahitaji zaidi ya maneno mawili: kichwa chini. Nilimwamini. Kwa wiki tatu niliyarudia maneno hayo uwanjani, na watoto wakakaza shingo, wakabana mabega, wakauzuia mwili usigeuke, wakawa ama wanachimba udongo nyuma ya mpira ama wanaugonga kwa juu ukabiringika hatua kumi tu. Mmoja aliniuliza kwa adabu, “Maalim, kichwa nimekiinamisha, mbona mpira hauruki?” Sikuwa na jibu, na swali lile lilinikosesha usingizi.

Kosa halikuwa la kichwa. Mtoto anayeuona mpira umekaa chini hudhani ni kazi yake kuunyanyua, basi huegemea mguu wa nyuma na kuuchota. Fimbo ya chuma namba 7 haihitaji msaada huo, maana uso wake umelazwa kwa nyuzi zinazokaribia 30, na mpira wenyewe hauzidi gramu 45.93. Fimbo ikishuka ikaukuta mpira kwanza, ndipo ikagusa ardhi mbele yake, mpira hupanda wenyewe. Kulieleza hilo ni rahisi, lakini kumfanya mtoto aliamini ni jambo jingine, kwa kuwa pigo hupita upesi mno kwa jicho kuona fimbo imegusa wapi.

Mchanga ndio ulioniokoa. Maji yakipwa, pwani yetu huacha mchanga uliolowa na kushikamana, ambao ukiuchora kwa kidole mstari wake haubomoki. Nilichora mstari, nikamsimamisha mwanafunzi mmoja mmoja bila mpira, nikamtaka aupige mchanga kisha ainame atazame alama aliyoiacha. Binti mmoja wa darasa la sita alikuta alama zake zote ziko shibiri nzima nyuma ya mstari. Alizitazama kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na haja ya kusema neno. Nilichukua kumbi la nazi, ambalo haliumizi mkono wala kuharibu fimbo, nikaliweka shibiri moja nyuma ya mstari, nikamwambia kwamba akishapiga avushe mguu wa kulia hatua moja mbele, kama anayeufuata mpira. Alilirusha kumbi mara nne. Mara ya tano kumbi lilibaki mahali pake, na alama ikaanzia pale pale mstarini ikaenda mbele upana wa vidole vinne. Akawaita wenzake waje kuona.

Ratiba yetu hufuata maji. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, hupwa mnamo saa nne asubuhi, watoto wakiwa darasani, kwa hiyo siku za skuli tulitegemea maji mafu, yaani siku ambazo maji hayajai wala kupwa sana, ambayo hupwa jioni. Na kila siku wakati husogea kwa takriban dakika 50. Tulipiga upande usio na mashamba ya mwani, kwa kuwa mama zetu huwa huko saa hizo hizo, na mpira wa gofu ni mgumu unaweza kumjeruhi mtu vibaya. Fimbo nilizipata za mtumba kwa bei ya maelewano. Zisuuzeni kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, kila baada ya somo, kwani chumvi hula chuma.

Kuhusu mshiko niliwaambia waishike fimbo kama wanavyomshika mkono mdogo wao wanapomvusha barabara ya Darajani: asichopoke, wala asiumie. Kusukuma mpira shimoni tulijifunza kwenye baraza ya saruji, tukilenga duara la chaki la milimita 108, ambacho ndicho kipimo cha shimo la kweli.

Hatimaye niliwapeleka kwenye kiwanja cha mashimo 9 kilichoko upande wa Mangapwani. Hapo jambo moja lilinipa kazi: mpira ukiwa ndani ya shimo la mchanga, kanuni ya 12 ya gofu inakataza kuugusa mchanga kwa fimbo wakati wa kufanya pigo la majaribio, na watoto wangu walikuwa wamezoea kuupiga mchanga kwanza. Tulisimama pembeni mpaka kila mmoja akaielewa tofauti. Kisha yule binti akapiga mpira wake wa kwanza juu ya majani. Wenzake waliinua macho kuufuata ukipaa, naye alikuwa ameshainama, akipima kwa shibiri mahali fimbo yake ilipokata majani.