Titicaca kwa mkoba wa mgongoni
Jamani, kama una ndoto ya Ziwa Titicaca na mfuko wako ni mwembamba, nenda tu! Ziwa liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari, mpakani mwa Peru na Bolivia, na pumzi inakatika hata kwa kupanda ngazi za nyumba ya wageni. Kaeni kwanza Puno, mji wa Peru kando ya ziwa, mwili uzoee hewa nyepesi, mtembee polepole, mnywe chai ya majani ya koka, ndipo mpande boti.

Nilikopenda zaidi ni kisiwa cha Amantaní, upande wa Peru. Unalala kwa familia, unakula nao supu ya kwinoa (nafaka ya huko) na viazi, na hela yako inaingia mikononi mwao wenyewe. Jioni nilipanda kilima cha Pachatata, napumzika kila baada ya hatua chache, maji yote chini yakigeuka rangi ya dhahabu. Usiku baridi ni kali mno. Bebeni soksi nzito.

Kisiwa cha Taquile, wanaume ndio wanaofuma kofia za sufu, tena huku wanatembea! Sanaa yao ya nguo imo katika orodha ya urithi ya UNESCO, na inastahili kabisa. Visiwa vya Uros, vinavyoelea na vilivyotengenezwa kwa matete, nilipita haraka, watalii ni wengi.

Kisha basi hadi mji wa Copacabana, Bolivia, na boti ya kwenda kisiwa cha Isla del Sol. Kule hakuna magari, mizigo inabebwa na punda. Chukueni pesa taslimu za kutosha, soli za Peru na boliviano za Bolivia, kabla ya kuvuka kwenda visiwani.